Kigoda Kilichotangulia

Tarehe thelathini ya mwezi huu, siku ya Ijumaa, msimamizi wa kitengo cha wazee katika kituo chetu anastaafu rasmi baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko, lakini ukimuulizia kwa jina hilo hapa kituoni utaletewa mtu mwingine. Sisi tunamwita Mama Vigoda. Wazee wanamwita hivyo, wapishi wanamwita hivyo, na hata madereva wa malori ya chakula, ambao hawajui vigoda vyenyewe vilianzia wapi, wanamwita hivyo. Mkuu wa kituo ameniomba mimi, mtunza ghala, niandike wasifu wake wa kuchapishwa kwenye ratiba ya sherehe, akanisisitizia uwe wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Atakayeona uchangamfu umepungua asinilaumu mimi, ailaumu kazi. Kupokea wazee waliokimbia vita si kazi ya kumfanya mtu apige vigelegele.

Mama Vigoda hakuja hapa kuomba kazi. Alikuja kama walivyokuja wote mwaka ule, kwa miguu, mtoto wake wa kike mgongoni, miguu imevimba mpaka viatu vimekataa kuingia. Watu walikuwa wamebeba walichowahi kushika. Kuna aliyebeba sufuria, kuna aliyebeba godoro, na bwana mmoja alibeba mlango mzima, akasema nyumba wataichoma lakini mlango wake hawaupati. Yeye alibeba kigoda kichwani. Kigoda chenyewe si cha kutamanisha: miguu mitatu, kikalio kimelika katikati, na mguu mmoja mweusi mpaka nusu kwa kuungua jikoni. Kilikuwa cha mama yake.

Mama yake alikuwa mtu mzima tayari, magoti yameshamgomea. Milio ilipokaribia, alimwambia binti yake achukue mtoto aondoke, yeye atafuata taratibu na majirani. Binti akakataa. Ndipo mama alipomwekea kigoda mikononi na kumwambia, "Tangulia nacho, mwanangu. Nikifika nisikose pa kukaa." Mtu akishapewa kazi na mama yake anaifanya. Alitangulia.

Mwezi wote wa kwanza hakukuwa na lori lililoingia hapa bila yeye kulikimbilia. Alikuwa akifungua bodi ya nyuma kwa mikono yake mwenyewe, anawashusha wazee mmoja mmoja, anawatazama usoni, anawauliza wametoka upande gani na kama wamemwona mama yake. Mkuu wa kituo wa wakati ule aliona mwanamke anayefanya kazi ya watu watatu bila kulipwa, akaona aibu, akamwajiri kama mfagizi wa ghala. Hivyo ndivyo utumishi wake ulivyoanza. Kukimbilia malori hakukuacha, alibadilisha tu mavazi ya kukimbilia.

Wageni wa siku hizi hawajui mgao ulikuwaje zamani, kwa hiyo nitaeleza. Watu walipanga foleni kwa kusimama, kuanzia alfajiri, jua likipanda wamo, likiwaka wamo. Mlangoni mwa ghala mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO. Nadhani alijiona mcheshi. Kijana aliweza kusimama, hata kuruka watu wawili watatu. Mzee alisimama mpaka miguu ikatetemeka, akienda pembeni kukaa kidogo nafasi imekwenda, anarudi nyuma kuanza upya. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, lakini foleni ile ilikuwa imewaharibikia wao. Siku moja bibi mmoja alianguka akiwa amebakiza watu wachache kufika mlangoni. Walidhani amezimia. Aliyekuwa nyuma yake alimzunguka kwa adabu akasogea mbele, na wa nyuma yake naye akamzunguka, kwa sababu kila mmoja aliogopa kupoteza nafasi. Walipokuja kumwinua alikuwa amekwisha kupoa. Mama Vigoda ndiye aliyekuwa anafagia pale.

Mgao uliofuata alikuja na kile kigoda, akakipanga kwenye foleni, kati ya mzee mmoja na mwingine, kisha akaendelea kufagia. Mtunza ghala aliyenitangulia, mtu mkali kuliko mimi, alimuuliza ni cha nani. Akajibu, "Cha mama yangu. Yuko njiani." Watu wakasogea, kigoda kikasogezwa. Kilipofika mlangoni Mama Vigoda alikibeba akakirudisha mwisho wa foleni. Hakuchukua hata punje. Nasema hivi kwa kuwa kuna waliowahi kunong'ona, na mimi ndiye ninayeshika funguo.

Wazee walikuwa wanatazama. Mgao wa tatu kulikuwa na vigoda vinne. Baadaye ikawa foleni nzima ya vigoda, mitungi, mawe, ndoo zilizopinduliwa na mikongojo iliyolazwa, na wenyewe wamekaa chini ya turubai wanapiga soga. Wanaoweza kuinama wanavisogeza vya wote. Kigoda chako kikifika mbele unaitwa, unakuja kwa mwendo wako, na hakuna anayeguna. Huo ndio utaratibu uliompa jina, na ndio utaratibu ambao vituo vingine vimekuja kujifunza kwetu. Maandishi ya mkaa aliyafuta yeye mwenyewe, kwa maji, sabuni na matusi madogomadogo ambayo sitayachapisha.

Hapa ndipo mkuu wa kituo angependa nichangamshe, na kusema kweli yako ya kuchangamsha. Kuna babu aliyemfunga kuku wake kamba akampanga kwenye foleni kwa kuwa hakuwa na kitu kingine, na kuku akataga palepale, mbele ya ndoo ya mtu mwingine. Ulizuka ubishi mkubwa: yai ni la mwenye kuku au la mwenye nafasi? Mama Vigoda aliwasikiliza wote kwa heshima zote, kisha akalichukua lile yai akampelekea mgonjwa, na kesi ikafa. Kuna mwalimu mstaafu aliyeweka kiatu cha kushoto mbele na cha kulia nyuma ili apate nafasi mbili. Aliulizwa kiatu cha pili ni cha nani, akasema ni cha mke wake. Mke wake alikuwa amekaa hapohapo chini ya turubai, akapaza sauti, "Mimi navaa namba kubwa hivyo?" Mwalimu alichekwa wiki nzima, naye alicheka nao.

Na kuna siku walipokuja wakubwa kutoka makao makuu. Waliona mstari mrefu wa vigoda hauna mtu, wakauliza kwa masikitiko kama watu wamekwisha. Mama Vigoda akawajibu kwamba hawajaisha, bado wanaendelea kuletwa. Hakutania. Mmoja wao aliandika jibu hilo, na baada ya hapo Mama Vigoda akapandishwa kuwa msimamizi wa kitengo.

Kama msimamizi alifanya mengi, na baadhi yake aliyafanya kwa kunitesa mimi. Alinikalia kooni mpaka mahindi mazima yakaacha kugawiwa kwa watu wasio na meno, ukaja unga. Alidai vyoo viwe na mahali pa kushika, kwa kuwa mzee akichuchumaa bila kushika kitu haamki, na alikuwa na mifano. Alimlazimisha daktari kupita hema kwa hema badala ya kukaa mezani kungoja wagonjwa wasioweza kutembea. Msimu ule mbaya wa mvua, tulipokuwa tunazika karibu kila siku, alikataa mtu azikwe bila kuwepo angalau mmoja wa kumwita shangazi, babu, au wifi. Kama hakuwepo ndugu, alimteua mtu. Mimi mwenyewe niliteuliwa kuwa mjukuu mara kadhaa, na kila mara niliona kweli nimefiwa.

Lakini hata yeye aliwahi kukosea, na kosa lenyewe lilitupa desturi ambayo sijaiona penginepo. Mhunzi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, alikuwa na kigoda cha bati alichojitengenezea mwenyewe. Alifariki Jumamosi. Jumatatu kigoda chake kilikuwa kwenye foleni, kinasogezwa kama kawaida. Kilipofika mlangoni tukaita. Kimya. Tukaita tena. Mama Vigoda alipotambua ni cha nani alikasirika sana, akadhani watu wanataka kula fungu la maiti, akawapandishia sauti mbele ya kila mtu. Bibi mmoja aliyekuwa anasogeza alimsubiri amalize. Kisha akasema polepole, "Si mgao, mama. Kilikuwa mbele ya changu. Ningekirukaje?"

Mama Vigoda alimwomba radhi yule bibi hadharani, kisha akaingia ghalani akakaa juu ya gunia akalia. Alikuwa amemkumbuka yule aliyezungukwa kwenye foleni. Tangu siku hiyo kigoda cha marehemu hakirukwi. Kinasogezwa na wenzake mpaka kifike mbele, jina linaitwa mara moja, fungu la mwisho anapewa aliyemuuguza, na kigoda anapewa mgeni aliyekuja mikono mitupu. Huku kwetu nusu ya watu wamekalia vigoda vya watu waliokwisha kwenda, nao wanajua ni vya kina nani.

Kimoja tu hakikufuata desturi hiyo. Kigoda chenye mguu ulioungua kilifika mbele mgao baada ya mgao, mwaka baada ya mwaka, na kila kilipofika alikibeba mwenyewe akakirudisha mwisho. Hakuna aliyewahi kukikalia. Watoto wa kambini waliojaribu kukikalia walifinywa masikio na wazee wasiohusika kabisa. Vita vilikuwa vinalala na kuamka, barabara ya kwao inafunguliwa na kufungwa, malori yanakuja, naye bado alikuwa wa kwanza kwenye bodi ya nyuma. Mtoto aliyekuja mgongoni amekua, ameolewa mbali, amemwomba mama yake akaishi naye. Mama Vigoda alimjibu kwamba bibi yake akifika asipomkuta mtu itakuwa aibu.

Sasa nitasema jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyekuwa na kifua cha kulitamka. Kazi yetu ni wazee. Tunajua mtu wa magoti mabovu anavyotembea: hatua chache, anaketi, hatua chache, anaketi. Mama yule hakuwa anatoka jikoni hadi ukumbini bila kukaa kwenye kigoda chake njiani. Mtu wa namna hiyo akikupa kigoda utangulie nacho, hana safari.

Mwezi uliopita, mchana, liliingia lori kutoka upande wa kwao. Moto ulikuwa umerudi tena kule na safari hii uliwang'oa hata waliokuwa wamekataa kung'oka. Mama Vigoda alifungua bodi. Bibi wa tatu kushuka alikuwa amekonda, amejifunga blanketi kiunoni, hana fimbo, hana kitu chochote mkononi. Ilikuwa siku ya mgao. Alipokuwa anaongozwa kuelekea kwenye turubai alipita kando ya foleni ya vigoda, akasimama. Akaweka mkono kwenye ule mguu mweusi. Akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Hiki si cha shoga yangu? Niliuzima moto huu mimi mwenyewe."

Alikitambua kigoda kabla ya kumtambua binti. Walipotazamana, waliitana kwa majina ambayo hatukuwa tumewahi kuyasikia, majina ya nyumbani, ya udogoni. Kisha Mama Vigoda akamuuliza alichokuwa akiwauliza wote, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kumjibu.

Yule bibi, aliyekuwa jirani yao, alisimulia akiwa amesimama, na mimi nilikuwa karibu, nimeshika kipimo cha unga. Alisema mama hakutoka. Alisimama mlangoni akashikilia fremu mpaka binti na mtoto wakapotea kwenye kona, ndipo akaingia ndani. Yeye jirani alimuuliza kwa nini amemdanganya mtoto, akajibiwa, "Ningemwambia sendi angebaki, tukafa watatu. Nimempa mzigo wa kubeba. Mwenye mzigo hageuki nyuma." Waliishi wawili hao kwa jiko moja, wakificha moshi, wakila majani yalipokuwepo. Msimu uliofuata mama alishikwa na homa akafariki. Bibi alisema homa. Sisi wa ghala tunaijua homa ya mtu ambaye hajala mlo kamili kwa miezi, wala haihitaji daktari kuitaja. Jirani na bibi mwingine walimzika nyuma ya jiko, kwa jembe lililovunjika mpini, kaburi fupi kwa kina, wakapanga mawe juu ili mbwa wasifukue.

Mama Vigoda hakulia pale. Aliuliza jambo moja tu. Aliuliza, mama alikuwa akikaa wapi?

Jirani hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa akasema alikuwa anakaa chini, kizingitini, na kuinuka lazima ainuliwe. Kwenye nyumba hakikubaki kigoda kingine.

Nimefanya kazi hapa muda mrefu, nimeona mengi ambayo sipendi kuyakumbuka, lakini jibu lile lilinipiga vibaya. Niliweka kipimo chini nikatoka nje ya ghala. Niliporudi Mama Vigoda alikuwa anaendelea na mgao, anaita wazee kwa zamu, sauti yake ile ile. Siku chache baadaye, tukinywa chai, aliniambia mwenyewe kwamba alijua tangu walipovuka mto wa kwanza, alipokaa kwenye kile kigoda kumnyonyesha mtoto na akakumbuka mama anavyotembea. Alitaka kurudi, mtoto akawa mgongoni, nyuma moshi. Nikamuuliza, kwa nini basi miaka yote hii? Akasema kujua si kuambiwa, na kwamba maadamu kilikuwa kwenye foleni kulikuwa na mtu anayesogezewa.

Mgao uliofuata kigoda kilisogezwa kama siku zote. Wazee waliacha soga. Kilipofika mbele, Mama Vigoda hakukibeba. Alitaja jina la mama yake mara moja, kwa sauti, kama tunavyoita. Fungu lilipimwa, na kwa kuwa desturi inasema apewe aliyemuuguza marehemu, alipewa jirani. Na kwa kuwa desturi inasema kigoda apewe mgeni aliyekuja mikono mitupu, kigoda pia alipewa jirani. Yule bibi alikataa kukikalia. Mama Vigoda akamshika mabega akamkalisha, kisha akainama akamwambia kitu sikioni, na hicho ni chao wawili.

Ijumaa atavua kitambulisho cha kazi. Kwa sheria aliyoipigania mwenyewe, mkimbizi wa umri wake anahesabiwa mzee wa kituo hiki, kwa hiyo Ijumaa ni msimamizi wetu na Jumatatu ni mzee wetu. Nyumbani hakuna nyumba, na binti amekubali kuja kumtembelea badala ya kumhamisha. Ofisi ilitaka kumzawadia saa ya ukutani. Wazee walituma ujumbe wa watu wanne kupinga, wakiuliza mtu anayestaafu saa ni ya nini, na ukuta wa hema unapigiliwa wapi msumari. Seremala wetu, ambaye naye alishushwa lorini na Mama Vigoda akiwa amebebwa kwenye blanketi, amechonga zawadi nyingine. Ina miguu minne, kwa sababu anasema mitatu imetosha kutusumbua. Itakabidhiwa Ijumaa mbele ya wote, na atakayemwambia mapema nitampimia unga kwa kijiko.

Mama Vigoda, kituo kizima kinakushukuru, walio hai na wale uliowatafutia ndugu wa kuwazika. Umetufundisha kumngoja mtu asiyejiweza bila kumnung'unikia, na hilo ni gumu kuliko kubeba magunia. Tunakuombea magoti yenye subira, chai yenye sukari, na jirani wa kupiga naye soga mpaka mzimalize habari za nyumbani.

Jumatatu usije alfajiri. Kaa kivulini. Kigoda chako tutakipanga sisi, nyuma ya kile chenye mguu ulioungua, na tutakisogeza. Kikifika mbele tutakuita, nawe uje kwa mwendo wako. Na siku tutakayokuita usiitike, ujue hatutakiruka.